Mwongozo kamili wa kufua, kukausha na kuhifadhi mablanketi na nguo za baridi kabla ya kiangazi

Baridi ikishaondoka, mablanketi hukunjwa, husukumwa juu ya kabati, na hakuna anayeyakumbuka mpaka baridi irudi. Siku hiyo sanduku linafunguliwa na uvundo unajaa chumba kizima. Sweta la mtoto lina matundu mawili kifuani. Blanketi jeupe lina madoa ya manjano ambayo hayakuwapo lilipowekwa. Wengi hulilaumu sanduku na kununua jingine, na mwaka unaofuata yanawakuta yaleyale.

Sanduku halina kosa. Nguo iliingia na unyevu ambao mkono haukuuhisi, au na jasho na mafuta ya mwili ambayo jicho halikuyaona, na miezi ya joto ikafanya kazi yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kukausha, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokosea.

Vipimo vilivyotajwa vinatosha nyumba ya watu wanne hadi sita. Tenga siku tatu zisizo na mvua: ya kwanza ya kuchambua na kufua, mbili za kukausha. Kama mvua inatarajiwa siku ya pili, ahirisha kazi yote. Blanketi zito likilala limelowa usiku kucha huanza kunuka kabla hujalitia sandukuni.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Beseni kubwa la lita 40 au zaidi, au bafu la kujilaza, na ndoo mbili
- Sabuni ya maji isiyo kali, iliyoandikwa kuwa inafaa sufu na hariri
- Sabuni ya kawaida ya kufulia, kwa pamba na poliesta
- Siki nyeupe, lita 1
- Taulo kubwa 3 au 4, safi na kavu
- Kamba mbili au tatu za kuanikia, zilizofungwa sambamba, na vibanio
- Burashi laini ya nguo, sindano na uzi
- Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari
- Mfuko mmoja mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga
- Makontena ya plastiki yenye mfuniko unaobana, mifuko ya kitambaa au foronya kuukuu
- Vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, gramu 50 hadi 100 kwa kila kontena
- Kalamu ya wino usiofutika na karatasi za lebo

Usianze kufua kabla kamba hazijafungwa na makontena hayajapatikana. Nguo safi ikikaa siku nne juu ya kiti ikisubiri kontena, imeshaanza kupokea vumbi na mayai ya nondo.

## Hatua ya 1: Chambua kwa aina ya kitambaa

Watu huchambua kwa mwenye nguo: za baba huku, za watoto kule. Kwa kazi hii, kinachoamua ni kitambaa. Panga mafungu manne: sufu na hariri; pamba, poliesta na akriliki; vilivyojazwa, yaani maduveti na makoti ya manyoya ya ndege au ya poliesta; na ngozi.

Soma lebo ya ndani. Picha ya beseni lenye nambari 30 ina maana ya maji yasiyozidi nyuzi 30 za Selsiasi. Beseni lenye mkono ni kufua kwa mkono. Beseni lililokatwa kwa mistari miwili inayopishana ni marufuku kufua kwa maji, na duara ni ya dobi anayefua kwa dawa. Nguo ya namna hiyo mpelekee yeye.

Lebo imepotea? Chomoa uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, ushike kwa kibano juu ya sinki lenye maji, uuwashe. Uzi wa sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kati ya vidole. Poliesta huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Pamba hunuka karatasi. Kazi hii ni ya mtu mzima, na watoto wakae mbali.

Bakiza nje blanketi moja jepesi kwa kila kitanda na sweta moja kwa kila mtu. Kiangazi hakiingii siku moja, na usiku wa baridi ukirudi ghafla utalazimika kuvunja kontena ulilokwisha kulifunga vizuri. Nguo za watoto wapimishe sasa. Sweta ambalo mikono yake imeshapanda juu ya kifundo halitamtosha msimu ujao, kwa hiyo lifue umpe mdogo wake au mtu mwingine badala ya kulipa nafasi kabatini.

## Hatua ya 2: Mifuko, mishono na madoa

Pindua kila mfuko nje. Hapa watoto ni wasaidizi wazuri, maana peremende zinazoyeyuka na kugandia mfukoni mara nyingi ni zao na wanajua zilipo. Kisha peleka nguo nje, ikung'ute kwa nguvu, na pitisha burashi kwenye kola, chini ya kwapa na ndani ya mishono. Ndimo viwavi vya nondo hujificha.

Shona kabla ya kufua. Tundu la ukubwa wa punje ya mtama hutoka kwenye maji likiwa limefunguka, kwa sababu nyuzi zilizolowa hulegea na uzito wa maji huzivuta. Funga zipu zote na vifungo vyote visivyo vya kola.

Madoa unayoyaona si tatizo kubwa, kwani utayashughulikia. Hatari ni yale usiyoyaona. Jasho, mafuta ya mwili, soda isiyo na rangi na mate ya mtoto havionekani vikikauka, lakini vikikutana na hewa kwa wiki nyingi hugeuka manjano, na doa lililozeeka hivyo ni gumu kutoka. Tandaza blanketi mbele ya dirisha, angalia ukingo unaogusa kidevu usiku. Ukilifananisha na ukingo wa miguuni, utaona sehemu hiyo imefifia kidogo na inateleza ukiipapasa. Paka hapo sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai, igonge taratibu kwa ncha za vidole, iache dakika 15. Fanya vivyo hivyo kwenye kola na ncha za mikono ya kila sweta.

## Hatua ya 3: Safisha kabati sasa, si baadaye

Kabati lisafishwe siku ileile ya kufua, lipate siku mbili za kukauka. Toa kila kitu. Nyonya vumbi kwenye pembe, kwenye nyufa za mbao na chini ya karatasi zilizotandikwa, kisha mwaga vumbi hilo nje ya nyumba mara moja, maana yai la nondo haliuawi na mashine. Futa kwa kitambaa kilichochovywa maji ya sabuni na kukamuliwa sana, kisha kwa kitambaa kikavu. Acha milango wazi saa 24 au zaidi.

Ukikuta koga ukutani nyuma ya kabati, tafuta chanzo cha maji kwanza. Hakuna kontena litakaloshinda ukuta unaovuja.

## Hatua ya 4: Fua

### Sufu

Unyuzi wa sufu una magamba madogo sana. Maji ya moto yakikutana na msuguano, magamba hayo hunasana na hayaachani tena. Sweta la mtu mzima linakuwa la mtoto, gumu kama zulia. Kwa hiyo adui si maji. Adui ni joto, kusugua, na kuhamisha nguo ghafla kutoka maji ya joto kwenda ya baridi.

1. Jaza lita 40 za maji ya nyuzi 30 au chini. Bila kipimajoto, chovya upande wa ndani wa kifundo cha mkono: yasihisiwe kuwa moto hata kidogo, yaelekee ubaridi.
2. Koroga vijiko 4 vya chakula vya sabuni ya sufu mpaka iyeyuke yote.
3. Zamisha nguo, ibonyeze chini na kuiachia kwa viganja mara 20 hivi. Usisugue, usipindue, usikoroge.
4. Iache dakika 10, zisizidi 15.
5. Mwaga maji huku ukiizuia nguo kwa mkono. Usiinue nguo iliyojaa maji kwa kuishika ncha, uzito wake utaivuta na kuirefusha.
6. Suuza mara mbili au tatu kwa maji ya joto lilelile, mpaka povu lisionekane.

Sabuni ya unga ya kawaida si ya kazi hii. Ina ukali unaokausha sufu, na nyingi zina vimeng'enya vya kuvunja protini, wakati sufu na hariri zenyewe ni protini. Dawa ya klorini ni mbaya zaidi: huyeyusha sufu, na nguo hutoboka mikononi.

### Pamba, poliesta na akriliki

Mashine inafaa. Ngoma isijazwe: nguo zikiwa ndani, kiganja kilichosimama kipite juu yake. Blanketi lililoshindiliwa halizunguki, katikati yake haipati maji, na sabuni hubaki kwenye mikunjo. Pamba inavumilia nyuzi 60 kama lebo inaruhusu, na joto hilo huua mayai ya wadudu. Poliesta na akriliki zitoshe kwa nyuzi 30 hadi 40.

Tumia sabuni pungufu ya unayozoea, kisha suuza mara mbili. Dawa ya kulainisha nguo iache. Huacha utando unaoziba nywele za blanketi na kushika uchafu, na blanketi likitoka kabatini linakuwa zito na la kunata.

Kwenye suuza ya mwisho, kwa nguo za mkono, weka nusu kikombe cha siki katika lita 10 za maji. Huondoa mabaki ya sabuni, na harufu yake huisha nguo ikikauka. Onyo: siki isikutane kamwe na dawa yenye klorini. Hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu, hata kwa kiasi kidogo cha ndani ya bafu.

### Duveti la manyoya

Linahitaji ngoma kubwa, ya kilo 8 au zaidi, na sabuni isiyo kali, kidogo sana. Kama mashine yako ni ndogo, nenda kwenye mashine za kukodi au kwa dobi. Kulishindilia ndani ya mashine ndogo hupasua vyumba vya ndani, na manyoya yote hukusanyika pembe moja.

### Ngozi

Haifuliwi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha kivulini, paka mafuta ya ngozi kiasi chembamba, subiri siku nzima.

## Hatua ya 5: Kamua bila kusokota

Kusokota blanketi kama kamba kunavunja nyuzi na kuacha mikunjo isiyotoka. Kwa sufu, bonyeza maji yatoke, kisha tandaza nguo juu ya taulo, zikunje pamoja kama mkeka, kaa au piga magoti juu ya mkunjo huo. Badilisha taulo. Kwa blanketi kubwa taulo tatu ni kawaida. Umefaulu ukiinua nguo na isidondoshe tone hata moja ndani ya dakika tano.

Mashine inaweza kusaidia kukamua, hata sufu, kwa mzunguko wa polepole kabisa na wa muda mfupi. Kwa poliesta ongeza mzunguko mmoja zaidi wa kukamua. Dakika hizo chache zinakupunguzia saa nyingi kambani.

## Hatua ya 6: Kausha mpaka ndani

Sufu inaweza kubeba mvuke wa maji unaokaribia theluthi moja ya uzito wake na bado ikahisika kavu mkononi. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba blanketi lilikuwa kavu, na akawa anasema kweli ya mkono wake, huku lita nzima ya maji ikiwa imejificha ndani ya mablanketi mawili. Likifungiwa kwenye plastiki, joto la mchana huyafukuza maji hayo yatoke kwenye nyuzi, usiku yanageuka vitone kwenye mfuniko na kurudi chini. Hewa ya ndani ikizidi unyevu wa asilimia 65 hadi 70, koga huanza kuota.

Namna ya kuanika. Blanketi lisikunjwe juu ya kamba moja. Pande mbili hugusana na katikati haipati upepo, na hapo ndipo uvundo huanzia. Litandaze juu ya kamba mbili au tatu zilizo sambamba, zikiwa zimeachana sentimita 40 hivi, liwe kama hema lenye nafasi chini. Masweta yalazwe juu ya wavu au taulo, yavutwe taratibu yapate umbo lake. Ukiyaning'iniza yatarefuka.

Jua au kivuli. Pamba na poliesta nyeupe zipate jua kali. Sufu na vyote vyenye rangi nzito viwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua hugeuza sufu nyeupe kuwa ya manjano na kufifisha rangi. Upepo hukausha vizuri kuliko jua lisilo na upepo. Ndani ya nyumba, feni iliyoelekezwa upande wa chini wa blanketi, na madirisha mawili yanayotazamana yakiwa wazi, hufanya kazi nzuri.

Saa za kuanika. Toa nguo umande ukishakauka, ingiza ndani jua kabla halijaanza kushuka. Nguo inayoachwa mpaka magharibi hunywa tena unyevu wa jioni, na ile kazi ya mchana kutwa inapotea. Ikishaingia ndani, itandaze juu ya viti, usiikunje, kesho iitoe tena. Siku ya pili si ya ziada hata kama nguo inaonekana kavu siku ya kwanza.

Kugeuza. Kila saa mbili geuza juu chini. Duveti la manyoya ligeuzwe kila saa moja, na kila ukiligeuza tafuta madonge kwa vidole, uyavunjevunje. Liinue mbele ya mwanga: ukiona vivuli vyeusi vya mviringo, hayo ni manyoya yaliyoshikana kwa maji. Duveti nene huchukua siku mbili hadi tatu, na kulifungia mapema hulifanya linuke kama ndege aliyenyeshewa. Mashine ya kukaushia, kama ipo, iwekwe joto dogo pamoja na mipira miwili safi ya tenisi ya kuyapiga madonge.

## Hatua ya 7: Pima ukavu, usikisie

Jaribio la kwanza ni la mizani. Funga blanketi ndani ya shuka, lining'inize, andika uzito. Lirudishe kambani saa tatu, pima tena. Kama uzito umepungua kwa gramu 100, yametoka maji nusu kikombe hivi, na mengine bado yapo. Endelea mpaka vipimo viwili vifuatane vikiwa sawa. Hapo ndipo limekauka.

Jaribio la pili halihitaji mizani. Tia nguo ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ufunge, uuweke juani saa moja. Ukiona ukungu au vitone ndani ya plastiki, itoe uianike tena. Plastiki ikibaki safi, nguo iko tayari. Jaribu sehemu nene zaidi: ukingo ulioshonwa mara mbili, kwapa za koti, kiuno cha sweta. Sehemu hizo hukauka mwisho.

## Hatua ya 8: Poza, kisha kunja

Nguo iliyotoka juani ipumzike chumbani saa mbili. Ikifungwa ikiwa na joto, hewa yake ya moto hupoa ndani ya kontena na kuacha unyevu ukutani mwake.

Osha mikono, uikaushe, usiwe umepaka mafuta. Kunja kwa ulegevu, na ubadilishe mahali pa mikunjo kila mwaka, kwa sababu uzi unaokunjwa palepale miaka mitano hukatika hapo. Vizito viwe chini, vyepesi juu. Usitie wanga kwenye chochote kinachokwenda kuhifadhiwa, wanga ni chakula cha wadudu. Makoti yatundikwe kwenye henga pana za mabega, yafunikwe kwa kitambaa. Masweta yasitundikwe kabisa.

## Hatua ya 9: Funga kulingana na kitambaa

Mjadala wa plastiki au kitambaa hauna jibu moja.

- Sufu na hariri: kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, ikiwa tu nguo imefaulu jaribio la Hatua ya 7. Nondo hapiti, wala hewa yenye unyevu. Kama una shaka na ukavu, tumia mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa karibu, na ukague mara nyingi zaidi.
- Poliesta na akriliki: hata mifuko ya kufyonza hewa inafaa, huokoa nafasi nyingi.
- Manyoya ya ndege: mfuko mkubwa wa kitambaa, bila kubanwa. Yakishinikizwa miezi mingi, manyoya huvunjika na hayatunishi tena.
- Ngozi: kitambaa cha pamba pekee. Ngozi ndani ya plastiki huota koga au kugandamana.

Boksi la karatasi gumu liepuke. Hunywa unyevu wa sakafu, na mende hupenda gundi yake. Magazeti nayo huacha wino kwenye nguo nyeupe. Mchele wa kunyonya unyevu, ambao wengi hushauriana, hualika wadudu wa nafaka, tumia silika. Mkaa ulioshonewa ndani ya kitambaa hupunguza harufu, lakini kwa unyevu hausaidii sana.

Andika kwenye lebo: kilichomo, cha nani, saizi, tarehe. Bandika ubavuni, siyo juu ya mfuniko, usome bila kuyapangua makontena yote.

## Hatua ya 10: Mahali na ukaguzi

Inua makontena sentimita 10 kutoka sakafuni na uyaache sentimita 5 kutoka ukutani, hewa ipite. Ukuta wa nje, jirani ya bafu na jikoni havifai. Juu ya dari napo joto hupanda sana mchana. Chini ya kitanda panafaa kwa kontena linalobana, mradi pafagiliwe.

Mara moja kila mwezi, siku kavu, fungua kila kontena dakika kumi. Nusa kwanza, kisha papasa pembe. Angalia punje ndogo kama mchanga, vijitanda vya nyuzi nyeupe, au sehemu ambayo nywele za sufu zimelambwa bila kutoboka. Kung'uta, geuza, funga.

## Kuhusu nondo na dawa zake

Nondo wa nguo si yule anayeruka kuzunguka taa. Huyu ni mdogo, milimita 6 hadi 8, rangi ya nyasi kavu, na hukimbia mwanga. Akiwa mkubwa hali chochote. Anayekula ni kiwavi wake, na chakula chake ni protini ya sufu, manyoya na hariri. Pamba na poliesta hazimshibishi, ila huzitafuna zikiwa na jasho au mabaki ya chakula. Basi kufua vizuri ndiyo dawa ya kwanza.

Majani na mbao zenye manukato huwafukuza kidogo zikiwa mpya. Haziui mayai wala viwavi, na nguvu yake hupotea harufu ikififia. Ziweke ukizipenda, ila zisichukue nafasi ya kufua.

Vidonge vyeupe vya naftalini ndivyo vinavyotutia wasiwasi zaidi. Hufanya kazi ndani ya kontena lililofungwa tu, mvuke wake ukiwa mzito. Kwenye kabati la wazi nondo haondoki na familia ndiyo inayoivuta. Mtoto mdogo huviona kama peremende. Kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, ambao wengi hawajulikani mpaka waugue, naftalini huvunja chembe nyekundu za damu, na imewahi kuwadhuru watoto wachanga waliofunikwa nguo zilizohifadhiwa nayo. Katika nyumba yenye mtoto mchanga, usiitumie. Akimeza, mkimbizeni hospitali papo hapo na kipakiti mkononi, msingoje dalili.

## Ukikuta tatizo wakati wa ukaguzi

Viwavi au matundu. Funga nguo hiyo ndani ya mfuko wa plastiki palepale kabla ya kuihamisha, usije ukatawanya mayai chumbani. Toa hewa, tia ndani ya friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Siku chache hazitoshi, mayai huvumilia. Ukiitoa, iache ndani ya mfuko mpaka ipate joto la chumba, vitone vya maji vitokee nje ya plastiki badala ya kwenye nguo. Kisha ikung'ute nje na kuifua upya. Rudia Hatua ya 3 kwa kabati zima, na zifungue nguo zote zilizokuwa jirani yake.

Uvundo bila madoa. Anika siku mbili penye upepo. Ukibaki, suuza kwa maji ya siki kwa kipimo cha Hatua ya 4, kausha, pima uzito.

Koga. Toa nguo nje ya nyumba kabla ya kuigusa sana, vaa barakoa, ikaushe kabisa, kisha ipige burashi. Koga likisuguliwa likiwa bichi huingia ndani zaidi ya kitambaa. Halafu fua kwa joto la juu kabisa ambalo lebo inaruhusu. Alama nyeusi zilizokaa muda huenda zisitoke, na blanketi linaloendelea kunuka baada ya kufuliwa mara mbili lisirudishwe kwenye kitanda cha mtoto au cha mtu mwenye pumu.

Manjano yaliyotokea ndani. Kwa pamba nyeupe, loweka usiku kucha kwenye maji vuguvugu yenye sabuni ya unga ya oksijeni, kwa kipimo cha kipakiti chake, kisha fua. Kwa sufu, paka sabuni ya sufu mahali hapo, subiri nusu saa, fua kama kawaida. Doa likififia nusu, rudia mara moja, na ukaguzi wa mwezi ujao anza na nguo hiyo.